Kufuli la gemu za kipekee: nani alilifunga, nani analilipia, na sasa limehamia wapi

Agosti 2014, kwenye maonyesho ya Gamescom mjini Cologne, Microsoft ilitangaza kwamba gemu ya Rise of the Tomb Raider ingetoka mwishoni mwa 2015 kwa Xbox pekee, konsoli yake, yaani mashine yake ya kuchezea gemu. Wenye PlayStation, konsoli ya Sony, ambao wengi wao walikuwa wamecheza gemu iliyotangulia ya mwaka 2013, waliona wameachwa kwenye mataa. Maswali yalipozidi, Microsoft ikakiri kwamba mkataba ule ulikuwa na muda wake. Gemu ilitoka kwa Xbox Novemba 2015, ikafika kwenye kompyuta Januari 2016, na Oktoba 2016 ikawa kwenye PS4. Neno "pekee" lilidumu miezi 11.

Neno hilo bado liko kila mahali, na bado linafunika mambo manne au matano yasiyofanana. Anayetaka kununua konsoli kwa sababu ya gemu fulani inampasa aulize: jina la gemu linamilikiwa na nani, nani alilipia utengenezaji wake, na mkataba unaisha lini. Majibu ya maswali hayo yanatabiri karibu kila kitu. Lakini kwanza tuangalie pesa, kwa sababu bila pesa mchezo huu wote haueleweki.

Konsoli ni mlango, duka liko ndani

Mwaka 2021, katika kesi ya Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, dhidi ya Apple, afisa wa Xbox, Lori Wright, aliulizwa mahakamani faida ya konsoli moja ni kiasi gani. Jibu lake lilikuwa kwamba Microsoft haijawahi kupata faida kwa kuuza konsoli yenyewe. Sony nayo imepita njia hiyo. PS3 ilipotoka Novemba 2006 kwa dola 499 na 599, kampuni ya iSuppli iliifungua, ikahesabu kifaa kimoja kimoja, na kukadiria kwamba kuitengeneza kuligharimu zaidi ya dola 800. PS5 ya dola 499 iliyotoka Novemba 2020 ilichukua hadi katikati ya 2021 kabla Sony haijasema kwamba haiuzwi tena kwa hasara.

Hasara hiyo hurudishwa dukani. Chukua gemu ya dola 70 katika duka la mtandaoni la konsoli. Ikiwa ni ya kampuni ya nje, mwenye konsoli hukata asilimia 30, yaani dola 21, na mchapishaji hubaki na dola 49. Sasa tuseme, kwa mfano, kila konsoli iliuzwa kwa hasara ya dola 100. Gemu tano za namna hiyo zinaingiza dola 105, na hasara imefutika. Kuanzia gemu ya sita ni faida tupu. Kiwango hichohicho hukatwa kwenye nguo za wahusika, sarafu za ndani ya gemu na kila kinachonunuliwa humo, na juu yake kuna ada ya mwezi ya kucheza mtandaoni. Mteja anayenunua konsoli kisha akacheza gemu mbili tu kwa miaka minne hana faida kwa kampuni. Mteja anayenunua gemu nne kila mwaka ndiye dhahabu.

Hapo ndipo gemu ya kipekee inapoingia. Gemu ya kipekee ni chambo. Samaki ni zile gemu kumi za kampuni nyingine ambazo mtu atazinunua baada ya kuingia ndani, kila moja ikimwachia mwenye duka dola 21. Ndiyo maana kampuni inaweza kutumia fedha nyingi kwa gemu ambayo kwa hesabu yake peke yake haitajilipa vizuri. Inalipia watu wahamie kwake.

Nintendo ni tofauti kidogo, na tofauti hii ina uzito. Kwa kawaida yenyewe hulenga kupata faida kwenye mashine pia. Konsoli yake ya Wii U ya mwaka 2012 ilivunja desturi hiyo kwa kuuzwa chini ya gharama, na iliiumiza.

Kufuli la kwanza lilikuwa chipu

Atari 2600 ya mwaka 1977 haikuwa na kufuli lolote. Yeyote aliyejua kuandika programu na kutengeneza katriji, lile kasha la plastiki linalobeba gemu, aliweza kuiuzia gemu. Mwaka 1979 waandishi kadhaa wa programu waliondoka Atari wakaanzisha Activision, kampuni ya kwanza ya kutengenezea gemu konsoli ya mtu mwingine. Atari ilikwenda mahakamani ikashindwa kuwazuia. Mwisho wa yote zikakubaliana walipe mrabaha. Wengine wakafuata, soko la Marekani likajaa gemu mbovu, na mwaka 1983 likaporomoka.

Nintendo ililisoma somo hilo neno kwa neno. Konsoli yake ya NES ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilikuwa na chipu iitwayo 10NES, na inafaa kuiangalia kwa karibu. Ndani ya konsoli kuna chipu moja, ndani ya kila katriji iliyoidhinishwa kuna pacha wake. Ukiwasha, zote mbili zinaanza kuendesha programu kwa mwendo mmoja huku zikipelekeana namba. Namba zikilingana, gemu inaendelea. Zisipolingana, chipu ya konsoli inairudisha prosesa mwanzo, takriban mara moja kila sekunde, bila kukoma.

Hiyo ndiyo sababu NES yenye hitilafu huwakawaka taa na skrini. Mara nyingi gemu ni nzima na konsoli ni nzima, ila kiunganishi chenye pini 72 kimelegea au kimechafuka, na chipu mbili hazisikilizani. Kufuli linadhani umeweka katriji ya wizi. Kupuliza katriji hakusaidii, kunaongeza unyevu kwenye pini. Kinachosaidia ni kusafisha pini kwa pamba na pombe ya isopropili, au kubadilisha kiunganishi. Mafundi wengine hukata mguu wa 4 wa chipu iliyo ndani ya konsoli, na tangu hapo kufuli halifanyi kazi tena.

Chipu ilikuwa meno tu. Kilichouma ni mkataba. Mwenye leseni alikubali kutoa gemu zisizozidi tano kwa mwaka, akakubali kwamba gemu hizo zisitoke kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili, na katriji zenyewe zikatengenezwa na Nintendo. Konami ilizunguka kikomo cha gemu tano kwa kuanzisha jina la pili, Ultra Games. Tengen, tawi la Atari Games, ilichagua njia ya hatari: ilipata nakala ya msimbo wa 10NES kutoka Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwa kudai uongo kwamba inauhitaji kwa ajili ya kesi, ikatengeneza chipu yake, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaipa Nintendo haki. Mwaka huohuo kesi nyingine, Sega dhidi ya Accolade, ilikwenda upande wa pili. Accolade ilikuwa imenunua mashine na katriji za Sega na kuzichambua yenyewe kujua zinavyozungumza, na mahakama ikasema huo ni utumiaji halali. Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo mpaka ambao wachambuzi wa konsoli wanautazama mpaka leo: kuchambua ulichonunua kunaweza kukubalika, kuchukua msimbo kwa hila hakukubaliki.

Konsoli za sasa hazina chipu pacha. Zina saini ya kidijitali. Gemu iliyokamilika hupelekwa kwa mwenye konsoli, hupimwa, kisha husainiwa kwa ufunguo wa siri ambao kampuni hiyo pekee inao. Konsoli hukagua saini kabla ya kuendesha chochote. Bila saini, hakuna gemu. Kwa hiyo hata gemu ambayo si ya kipekee inapita mlangoni kwa idhini, na kila mlango una mlinzi wake na kanuni zake.

"Pekee" ni maneno mengi katika neno moja

Aina iliyo imara kuliko zote ni gemu ya studio inayomilikiwa na mwenye konsoli. Mario na Zelda ni mali ya Nintendo, Halo ni mali ya Microsoft, God of War ni mali ya Sony. Hapa hakuna mkataba wa kusubiri uishe. Gemu itahama siku mmiliki atakapoamua, na si kabla. Ndiyo maana kampuni hununua studio nzima: Microsoft iliinunua Bungie mwaka 2000, na Halo, iliyokuwa imeonyeshwa mwaka mmoja nyuma kwenye jukwaa la Apple, ikawa gemu ya kuzindulia Xbox Novemba 2001. Mwaka 2002 ikainunua Rare kwa dola milioni 375. Sony iliinunua Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, baada ya miaka mingi ya kufanya nayo kazi.

Aina ya pili ni gemu ya studio huru iliyolipiwa na mwenye konsoli. Hapa swali la nani anamiliki jina ndilo linaloamua. Bloodborne ya 2015 ilitengenezwa na FromSoftware, lakini jina ni la Sony, na mpaka sasa haijatoka nje ya PS4. Death Stranding ilitoka PS4 mwaka 2019 ikichapishwa na Sony, lakini haki zikawa za Kojima Productions. Mwaka 2020 ikafika kwenye kompyuta, na Novemba 2024 ikaingia hata Xbox. Bayonetta 2 ni mfano ninaoupenda zaidi kuliko yote. Bayonetta ya kwanza ilikuwa kwenye PS3 na Xbox 360. Mpango wa ya pili ulikwama kwa kukosa fedha, Nintendo ikatoa fedha, na mwaka 2014 ikatoka kwa Wii U. Wapenzi wengi walikasirika kana kwamba wameibiwa, na hasira yao ilikosea mlengwa. Bila fedha za Nintendo, hakuna aliyekuwa tayari kuilipia. Upekee unaozaa gemu ambayo isingekuwepo ni jambo jema, na unastahili kutetewa.

Aina ya tatu, ya muda, haizai kitu. Gemu ingetoka tu, na fedha zinalipwa ili wengine wachelewe. Humu ndimo ilimokuwa Rise of the Tomb Raider, na humu ndimo watu wanapokosea zaidi kusoma tarehe. Final Fantasy XVI ilitangazwa kuwa ya PS5 pekee kwa miezi sita. Ilitoka Juni 2023. Walioamini kwamba Desemba wangeipata kwenye kompyuta walisubiri hadi Septemba 2024, na wenye Xbox hadi Juni 2025. Mtayarishaji wake, Naoki Yoshida, alikuwa amewaeleza mapema: mwisho wa mkataba ni siku ambayo kampuni inaruhusiwa kutoa gemu kwingine, si siku ambayo toleo hilo limekuwa tayari. Kazi ya kulihamisha inaweza isiwe imefika hata nusu.

Halafu kuna vipande. Gemu iko kila mahali, lakini sehemu yake imefungwa. Marvel's Avengers ilimweka Spider-Man kwenye PlayStation tu. Hogwarts Legacy ya 2023 ilikuwa na kazi moja ya ziada kwa PlayStation, ikafunguliwa kwa wengine baadaye. Vipande hivi havimshawishi mtu kununua konsoli, vinamkera tu yule ambaye tayari anayo nyingine, na sijaona hoja nzuri ya kuvitetea.

Mwisho kuna gemu ambayo haijafungwa na mtu. Hiyo imefungwa na mashine.

Pale mashine yenyewe inapokataa

Kuhamisha gemu kutoka konsoli moja hadi nyingine si kunakili faili. Msimbo wa michoro unaandikwa upya kwa lugha ya mashine mpya: Xbox inatumia DirectX, PlayStation ina mfumo wake, Switch ya Nintendo ina wake. Mfumo wa kuhifadhi ulipofika, vikombe vya mafanikio, orodha ya marafiki, mialiko ya mtandaoni na picha za vitufe, vyote vinabadilishwa. Kisha gemu inapelekwa kwenye ukaguzi, na inaweza kurudishwa kwa kosa dogo kama kutotoa onyo pedi inapokatika katikati ya mchezo.

Zamani pengo lilikuwa kubwa zaidi. Prosesa ya PS3, Cell, ilikuwa na kiini kikuu kimoja na visaidizi vidogo, sita kati ya hivyo vikiwa wazi kwa gemu. Kila kisaidizi kilikuwa na KB 256 tu za kumbukumbu yake mwenyewe, na ilibidi mwandishi wa programu asafirishe data kwa mkono kuiingiza na kuitoa. Zaidi ya hapo, RAM ilikuwa imegawanywa: MB 256 za prosesa, MB 256 za michoro. Xbox 360 ilikuwa na MB 512 kwenye chungu kimoja, kila upande unachota unavyohitaji. Skyrim ilipotoka mwaka 2011, wachezaji wa PS3 waliona gemu ikikwama kadiri faili lao la hifadhi lilivyonenepa. Dunia ile inakumbuka kila kisu ulichokiangusha na kila mlango uliofungua, na kumbukumbu iliyogawanywa haikuwa na pa kupumulia.

Tangu 2013, PS4 na Xbox One zilipotumia prosesa za AMD za familia moja na kompyuta za kawaida, pengo lilipungua sana. Halikuisha. Baldur's Gate 3 ilitoka kwenye kompyuta Agosti 2023 na PS5 Septemba, lakini Xbox ikasubiri hadi Desemba. Uvumi wa mkataba wa siri ulienea, na haukuwa na msingi. Tatizo lilikuwa Xbox Series S. Mashine hiyo ya bei nafuu ina RAM ya GB 10, wakati Series X na PS5 zina GB 16. Kanuni ya Microsoft ilitaka gemu itoke kwenye Series S na Series X ikiwa na uwezo uleule. Baldur's Gate 3 inaruhusu watu wawili kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa, na wawili hao wanaweza kuwa pande mbili tofauti za ramani, kwa hiyo mashine inabeba sehemu mbili za dunia kwa pamoja. GB 10 hazikutosha. Mwishowe Microsoft ilikubali Series S iachiwe bila skrini ya watu wawili, na kipengele hicho kiliongezwa huko Aprili 2025 baada ya kazi ndefu ya kubana kumbukumbu. Miezi mitatu ya upekee, na hakuna aliyelipa hata senti.

Chambo kimekuwa ghali kuliko samaki

Juni 2023, katika kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, dhidi ya Microsoft, hati moja ya Sony iliwasilishwa ikiwa imefutwa namba kwa kalamu nyeusi. Ilipochanganuliwa kwa skana, namba zilisomeka chini ya wino. The Last of Us Part II iliigharimu Sony takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212.

Piga hesabu. Tuseme kila nakala ya Horizon iliiachia Sony wastani wa dola 50 baada ya kodi, fungu la maduka na punguzo la bei. Milioni 212 ukigawa kwa 50 unapata nakala milioni 4.24 kabla gemu haijarudisha gharama za utengenezaji, na matangazo bado hayajahesabiwa. Kwa gemu inayopendwa inawezekana. Kwa gemu inayoyumba ni shimo. Na gemu ikiwa ya kipekee, wateja wa mashine nyingine wote wanaondolewa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo Sony ilianza kupeleka gemu zake kwenye kompyuta baada ya muda: Horizon Zero Dawn mwaka 2020, God of War mwaka 2022. Square Enix, iliyokuwa imeufungia PlayStation mfululizo wake mkubwa wa Final Fantasy, ilitangaza Mei 2024 mpango wa kupeleka gemu zake kuu kwa Nintendo, PlayStation, Xbox na kompyuta.

Microsoft ndiyo iliyogeuka zaidi. Januari 2022 ilitangaza kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Hofu ya Sony na ya wasimamizi ilikuwa Call of Duty: je, itafungiwa Xbox? FTC ilishindwa kupata zuio Julai 2023. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliukataa ununuzi Aprili kwa sababu ya michezo inayochezwa moja kwa moja kupitia intaneti, kisha ikaukubali baada ya haki hizo kukabidhiwa Ubisoft, kampuni nyingine ya gemu. Microsoft ilisaini mikataba ya miaka 10 ya Call of Duty na Nintendo na hata na Sony, na ununuzi ukakamilika tarehe 13 Oktoba 2023. Hesabu ya biashara ilikuwa imeshapinduka: ukimiliki gemu inayouzwa sana kwenye konsoli ya mpinzani, kuifunga ni kujikata mkono. Februari 2024 Microsoft ilitangaza gemu nne za kuvuka kwenda konsoli za wapinzani, zikiwemo Sea of Thieves na Hi-Fi Rush. Forza Horizon 5 ikafuata kwenye PS5 Aprili 2025, Gears of War Agosti, na Oktoba 2025 ikatangazwa Halo yenyewe kwa PS5, itoke 2026.

Nintendo haijafungua mlango, na ina sababu. Mario Kart 8 ya mwaka 2014 iliuza nakala zaidi ya milioni 8 kwenye Wii U, mashine iliyouzwa milioni 13.56 tu. Gemu ileile, ikiwa na nyongeza chache, ilitoka kwa Switch mwaka 2017 na ikapita milioni 60. Kizuri chajiuza, lakini kikiwa mahali ambapo watu wanapita. Gemu nzuri haikuiokoa Wii U, ambayo wanunuzi wengi hawakuelewa kama ni konsoli mpya au skrini ya nyongeza ya Wii. Mashine ilipoeleweka, gemu ileile ikawa nguzo. Na kwa kuwa Nintendo hupata faida kwenye mashine na hushusha bei za gemu zake mara chache sana, kila nakala inayouzwa nyumbani kwake ina faida kubwa kuliko itakayouzwa kwa jirani.

Kufuli jipya ni akaunti yako

Phil Spencer, aliyekuwa mkuu wa Xbox, alieleza mwaka 2023 kwamba kizazi cha PS4 na Xbox One ndicho kilikuwa kibaya zaidi kushindwa, kwa sababu ndicho ambacho watu walijenga maktaba zao za kidijitali. Hoja hiyo ina uzito kuliko mjadala wote wa gemu za kipekee. Mwenye gemu 60 kwenye akaunti ya PlayStation, ambazo nyingi za PS4 zinafanya kazi kwenye PS5, hahami kwa sababu ya Forza. Akihama, maktaba inabaki. Haiuziki, haiazimiki, haihamishiki.

Akaunti hizo zimeshaleta migogoro. Juni 2018 Fortnite ilipotoka kwa Switch, aliyekuwa ameunganisha akaunti yake ya Epic na PlayStation alikuta haiwezi kuingia kwenye Switch kabisa. Sony ililegeza Septemba mwaka huo. Kesi ya Epic na Apple ikafichua baadaye kwamba kulikuwa na masharti: mtu akicheza zaidi kwenye PlayStation lakini akalipia kwingine, mchapishaji huilipa Sony fidia. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, huduma ambayo haipo rasmi katika nchi nyingi. Gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 100, wachezaji wakafurika na malalamiko, na baada ya siku chache Sony ikaufuta mpango huo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, soma mstari wa hakimiliki chini ya tangazo au nyuma ya kasha. Ukiona jina la Sony, Nintendo au Microsoft kama mmiliki, usitegemee kuikuta kwingine hivi karibuni, isipokuwa Microsoft, ambayo sasa ni vyema kuisubiri. Ukiona jina la mchapishaji wa nje, mkataba una mwisho. Ongeza mwaka mmoja juu ya muda uliotangazwa ndipo upange. Tangazo likisema ni ya kipekee "kwenye konsoli", toleo la kompyuta liko njiani au tayari lipo. Kwa Switch 2, angalia kasha kama kadi iliyomo ni ya ufunguo tu: kadi hizo hazina gemu ndani, zinakuruhusu kuipakua, na lazima iwe imechomekwa kila unapocheza. Angalau inauzika tena. Na kama gemu unayoitaka inahifadhi maendeleo kwenye akaunti ya mtengenezaji wake, kama Fortnite, unganisha akaunti hiyo mapema, maana faili lililokaa kwenye konsoli peke yake halitavuka nawe.

Pima pia kisoma diski. Series S haina kabisa. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699.99 bila kisoma diski, na PS5 nyembamba ya 2023 ina toleo lisilo nacho. Zote mbili zinapokea kisoma diski kinachouzwa peke yake, kilichotoka kwa dola 79.99. Kukifunga ni kazi ya dakika chache: unatoa kifuniko cha pembeni, unakisukuma kisoma diski hadi kisikike kikishika, unarudisha kifuniko kilichokuja nacho. Kisha unawasha, na hapo wengi hukwama. Konsoli inataka intaneti mara moja ili kisoma diski kitambulishwe rasmi kwa mashine hiyo. Bila kutambulishana huko, diski halali uliyoinunua kwa pesa yako haitasomwa. Ukinunua kisoma diski kilichokwisha tumika, kinaweza kuunganishwa upya na konsoli nyingine, lakini ni kwa njia ileile, mtandaoni, na kwa idhini ya Sony.